Mnyama Akikataa Mzigo

Liko swali ambalo watu huliona dogo, na kwa kuwa huliona dogo huishi miaka mingi bila kulijibu. Swali ni hili: mnyama wetu wa kazi akibadilika, tukashuku kwamba ana maumivu ya mgongo au hitilafu katika mishipa ya fahamu, wala hatuna hakika, yatupasa kutenda nini? Hakuna jeraha. Hakuna mfupa uliovunjika. Jana alivuta plau vizuri, leo anasita katikati ya shamba. Je, ni mgonjwa au ni mkaidi? Na mpaka tutakapojua, tumhesabu upande gani?

Twauliza hivyo tukizifikiria hasa jamaa za Kate na za vijiji vingine vya Ufipa, katika zile nyanda za juu zilizo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Wazee wa huko walisifika kwa kilimo cha intumba, yaani matuta ya kufukia majani, yaliyolimwa kwa jembe la mkono na kuirutubisha ardhi. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi ya shamba imewekwa juu ya shingo za maksai. Mvua za Novemba zikianza kunyesha, jozi moja ya maksai ndiyo akiba ya nyumba nzima: ndiyo mahindi na maharage, ndiyo sare na madaftari ya watoto, ndiyo fedha ya kuwalimia majirani. Penginepo ni punda ndiye aletaye maji na kupeleka magunia sokoni. Mnyama mmoja akisita, nyumba nzima husita. Kwa hiyo swali letu si la watu wapendao kubembeleza wanyama. Ni swali la haki na la chakula.

Farasi ni adimu katika sehemu kubwa ya nchi yetu, kwa sababu ya mbung'o na kwa sababu ya maradhi ya farasi yaenezwayo na visubi. Hata hivyo yafaa kuanza na farasi, maana yeye ni ndugu wa punda, na mgongo wake umechunguzwa sana na wataalamu. Mwaka 2018 Sue Dyson, daktari wa mifugo wa Uingereza, pamoja na wenzake, alitoa orodha ya matendo 24 ya farasi anayepandwa: kulaza masikio, kupunga mkia mara kwa mara, kufunua kinywa, kujikwaa, kukataa kwenda mbele, na mengineyo. Walionyesha kwamba farasi mwenye matendo 8 au zaidi kati ya hayo yaelekea sana kuwa na maumivu. Tena farasi walipotiwa ganzi mahali palipodhaniwa kuuma, matendo hayo yalipungua mara. Tufikiri maana yake. Farasi wa namna hiyo huitwa mvivu, mwenye hila, mwenye tabia mbaya. Lakini dawa ya ganzi haimfundishi mnyama adabu. Yaondoa maumivu tu. Kumbe kilichoitwa tabia kilikuwa kilio.

Walakini tusidhani kwamba vyombo vya kisasa huondoa mashaka yote. Picha za eksirei za farasi wengine huonyesha miiba ya mifupa ya uti wa mgongo ikigusana, na bado farasi hao hufanya kazi pasipo dalili ya maumivu. Hivyo picha peke yake haitoi hukumu. Tajiri mwenye hospitali ya farasi na mkulima wa Kate mwenye maksai wawili hukutana mahali pamoja: wote wawili hulazimika kuamua kabla ya kujua yote.

Basi mkulima atazame nini? Mgongo ukiuma, mnyama hushtuka na kujikunja aguswapo karibu na kiuno. Hukwepa anapofungwa nira au kuwekewa tandiko. Hatua zake huwa fupi, hupata taabu kugeuka, kulala na kuamka, na pengine nyama za upande mmoja hupungua. Mishipa ya fahamu ikiharibika, mambo ni mengine: mnyama huyumba, si kwa kuwa anaumia, bali kwa kuwa hajui vema miguu yake iko wapi. Huburuta ncha za kwato za nyuma, hukanyagana miguu akigeuzwa katika duara dogo, na mkia wake waweza kulegea. Sababu ni nyingi: nira isiyomtosha, pigo la fimbo kiunoni, kuteleza, mkokoteni uliojazwa hata mzigo ukaelemea mbele, magonjwa ya kupe, nagana iletwayo na mbung'o. Hata sindano iliyochomwa ovyo matakoni na mtu asiyejua yaweza kuujeruhi mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu.

Jambo moja tuliweke peke yake, kwa kuwa ni hatari kwa watu. Mnyama ayumbaye huku akitoka udenda, akibadilika sauti au kushindwa kumeza, aweza kuwa na kichaa cha mbwa. Asitiwe mkono kinywani na mtu yeyote. Watoto waondolewe karibu naye, na bwana mifugo aitwe siku ile ile. Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na udenda penye jeraha, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji mengi, kisha aende hospitali bila kungoja.

Sasa tuitazame mioyo yetu. Lugha yetu ina methali nyingi juu ya punda, na zile zitajwazo mara nyingi humshitaki. Husemwa kwamba punda haendi bila kigongo. Husemwa kwamba shukrani ya punda ni mateke. Husemwa, afe punda, mzigo ufike. Hatuzidharau methali hizi, maana zilitungwa ili kuwaonya wanadamu. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo tatu imwulizayo punda kwa nini anapiga teke. Nasi tukiwa shambani, jua likiwa kali na kazi ikiwa haijaisha, twazishika kama sheria.

Kwa nini? Kwa sababu neno "ukaidi" ni hukumu rahisi. Halitupunguzii siku ya kazi, halitudai shilingi ya dawa, tena laipa fimbo ruhusa. Neno "maumivu" ni hukumu ya gharama: latudai kufungua nira, kumwita mtaalamu, kuomba maksai kwa jirani, kuchelewa kupanda. Hakimu anayepata faida kwa hukumu moja na hasara kwa hukumu nyingine, hana budi kujishuku mwenyewe kabla ya kumshuku mshitakiwa. Na mshitakiwa wetu hana mdomo wa kujitetea.

Twalijua simulizi la Balaamu katika Kitabu cha Hesabu. Alimpiga punda wake mara tatu kwa kuwa alikataa njia, kumbe punda alikuwa amemwona malaika mwenye upanga ambaye bwana wake hakumwona. Wengi husimulia habari hii kwa kustaajabia punda aliyesema. Sisi twaona ajabu kubwa zaidi: yule aliyepigwa ndiye aliyeijua kweli, na yule mwenye fimbo ndiye aliyekuwa kipofu. Tena punda alijitetea kwa hoja moja, kwamba tangu bwana wake alipoanza kumpanda hakuwa na desturi ya kumtendea hivyo. Hoja hiyo ndiyo ambayo bwana mifugo mwema huanza nayo hata leo. Huuliza, "Amebadilika tangu lini?" Mnyama aliyevuta vizuri misimu minne hageuki mkaidi asubuhi moja bila sababu.

Waalimu wa maadili wana mfano wa tangu zamani juu ya shaka. Mwindaji aonaye kichaka kikitikisika, asijue kama ni paa au ni mtu, haruhusiwi kupiga. Shaka halimpi ruhusa; lamfunga mikono mpaka atakapojua. Mnyama si mtu, wala hatusemi kwamba thamani yao ni moja. Lakini njia ya kufikiri ni ile ile: tupime uzito wa makosa mawili. Tukimpumzisha mnyama mzima kwa kosa, twapoteza siku chache. Tukimfanyisha kazi mnyama mgonjwa kwa kosa, twamtesa kiumbe asiyeweza kusema, na pengine udhaifu ambao ungepona kwa mapumziko waweza kuwa ulemavu wa maisha. Makosa haya hayalingani. Kwa hiyo twasema bila kusitasita: penye shaka, tumhesabu mnyama kuwa mgonjwa mpaka ionekane kwamba ni mzima.

Hapo atasimama baba mmoja wa nyumba aseme: "Ninyi mwaandika, mimi nalima. Mvua haingoji. Nikimfungua maksai huyu wiki mbili, nitapanda kwa kuchelewa, na watoto wangu watakula nini mwezi wa Machi? Mnataka nimhurumie ng'ombe kuliko mwanangu?"

Neno hili ni zito, na asiyelisikia uzito wake hafai kutoa shauri. Hatumjibu kwa kumwambia kwamba njaa ya mtoto ni kitu kidogo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba kuwatesa wanyama bila ya lazima ni kinyume cha heshima ya mwanadamu mwenyewe, na kwamba haifai kutumia kwa wanyama mali ambayo kwanza ingepasa kupunguza taabu ya watu. Mtoto yu mbele ya maksai. Hilo halina ubishi.

Lakini tuangalie kama kweli twalazimika kuchagua kati ya hao wawili. Mara nyingi fimbo hailiokoi shamba, yaliahirisha anguko tu. Maksai mwenye mgongo mbovu akilazimishwa leo, kesho atalala chini na hatainuka, na hapo shamba na maksai vyote vimepotea. Methali yasema afe punda, mzigo ufike. Lakini waliowahi kuona punda akifa njiani wajua kwamba mzigo nao hulala pale pale. Mwaka 1879 tembo 4 waliofundishwa kazi waliletwa kutoka India mpaka pwani yetu kwa gharama ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, ili ijaribiwe kama wataweza kuchukua mizigo mpaka Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa kaskazini wa Ufipa. Walikufa mmoja baada ya mwingine, na mpango ukafa pamoja nao. Mizigo ikabaki vichwani na mabegani mwa wapagazi. Ikiwa mgongo wa tembo una mwisho wake, sembuse wa punda, ambaye kwetu mara nyingi hazidi kilo 150, naye hutwikwa gunia la mahindi la kilo 100, tena mara nyingine limejazwa kwa lumbesa?

Basi huruma ya kweli kwa mtoto yaanza mapema, kabla ya mvua. Nira na matandiko yapimwe na kutengenezwa wakati wa kiangazi. Punda asifungwe nira ya ng'ombe, maana shingo yake haikuumbwa kwa nira hiyo. Afungwe mkanda wa kifuani wenye kitu laini ndani. Kumbukumbu la Torati lilikataza tangu kale kuwalimisha ng'ombe na punda pamoja, na mwenye macho aweza kuona hekima yake. Mzigo wa mkokoteni uwekwe juu ya ekseli, usielemee mbele. Na majirani wapatane mapema kwamba maksai wa mmoja akiugua, mwenzake atamlimia siku mbili au tatu, naye atamlipa kwa mikono yake wakati wa palizi. Hapo ndipo ujirani unapofanya kazi ambayo fedha haiwezi: wampa maskini nafasi ya kuwa mwenye haki.

Dalili ikitokea, hatua zenyewe si za ajabu. Nira ifunguliwe siku ile ile. Mnyama apelekwe penye kivuli na maji, ardhi iwe laini. Akishindwa kuinuka, atandikiwe majani na kugeuzwa upande mara kwa mara, kwa maana uzito wake mwenyewe huibana mishipa na nyama za upande alioulalia. Asipigwe kiunoni wala kupindwa mkia ili ainuke. Asichomwe dawa na kila mpita njia. Bwana mifugo wa kata aitwe, na aambiwe yote: tangu lini, mguu gani, kazi gani ilitangulia, dawa gani amepewa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imetuwekea sote wajibu wa kutowatesa wanyama. Lakini mtu mwema asingoje kutishwa na sheria ili afungue nira.

Kuna mlango mmoja ambao wengi huukimbilia, nao ni mnada. Mtu aona miguu ya nyuma ya maksai wake ikiburuzika kidogo. Husema moyoni, "Sijui kama ni mgonjwa, si kazi yangu kujua." Humpumzisha siku tatu, humlisha vizuri, humpeleka mnadani, na mtu kutoka kijiji cha mbali humnunua kwa bei ya maksai mzima. Je, amesema uongo? Hakusema neno lolote. Je, ametenda haki?

Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alilijadili jambo hili, na mfano mmoja aliouchukua ulikuwa wa farasi. Alifundisha kwamba kasoro iliyo wazi, kama vile farasi kuwa na jicho moja, muuzaji halazimiki kuitangaza, mradi bei ipunguzwe kwa haki, kwa kuwa kila mtu aiona. Bali kasoro iliyofichika, iwezayo kumtia mnunuzi katika hasara au hatari, kama kumwuzia farasi kiguru kana kwamba ni wa mbio, ni lazima itajwe. Imepita miaka zaidi ya 700, na minada yetu yalihitaji fundisho hilo kama soko la siku zake.

Lakini vipi ikiwa sisi wenyewe hatujui, twashuku tu? Jibu letu ni kwamba shaka lenyewe ni sehemu ya mali tunayouza. Mnunuzi ana haki ya kujua tuliyoyaona, hata kama hatuwezi kumpa jina la ugonjwa. Amwambie hivi: "Ndugu yangu, tangu wiki iliyopita mguu wake wa nyuma unaburuzika; bwana mifugo bado hajamwona." Bei itashuka, twajua. Lakini hicho kiasi kilichoshuka hakikuwa chetu kamwe. Kilikuwa fedha ya jirani ambaye naye ana watoto, naye anangoja mvua ile ile. Mwenye kunyamaza hakuiondoa hasara duniani. Ameihamisha tu kutoka nyumba yake na kuiweka katika nyumba ya mwingine.

Na mnyama asiyepona je? Si kila mgongo hurudi, na si kila mshipa wa fahamu huungana. Kumwacha alale siku nyingi akiliwa na inzi, kwa kuwa hatuna moyo wa kuamua, si huruma. Ikiwa mtaalamu amesema hakuna tumaini, mwisho wa haraka ni haki yake. Kuhusu nyama yake, asichinjwe kwa siri. Mtaalamu aamue kama yafaa kuliwa, maana dawa alizochomwa zina siku zake za kungojewa, na aliyeshukiwa kuwa na kichaa haliwi kabisa.

Twamalizia kwa neno kwa wazazi. Katika nyumba nyingi, wa kwanza kuona badiliko la mnyama si baba, ni mtoto atanguliaye mbele ya maksai akiwaongoza. Husema, "Baba, huyu leo mguu wake hauko sawa." Tazameni jibu lenu. Mkimwambia anyamaze akaze kamba, mmemfundisha mambo mawili siku moja: kwamba maumivu yasiyoonekana si kitu, na kwamba mwenye nguvu hana haja ya kuuliza. Masomo hayo hayatabaki shambani. Atakuja kuyatumia kwa mkewe aliyechoka, kwa mtumishi wa nyumbani asemaye kwamba mgongo wamwuma, na kwenu ninyi mtakapokuwa wazee wa kusitasita njiani. Lakini mkisimamisha plau, mkainama pamoja naye kuutazama mguu ule, hata kama mwishowe hamkuona kitu, mmepoteza nusu saa, na mtoto amejifunza kwamba asiyeweza kujitetea huulizwa kwanza, wala hapigwi kwanza.

Novemba itakuja, na mvua zitaanza kunyesha juu ya Kate, Chala, Namanyere na Sumbawanga. Wakati huo kazi itakuwa nyingi na subira kidogo. Basi uamuzi huu tuufanye sasa, mioyo ikiwa imetulia: mnyama wetu akikataa mzigo, tuushushe kwanza, kisha tuulize.